Moyo ukishindwa, kitanda si dawa

Yupo mzee wetu mmoja hapa Uingereza ambaye, tangu aambiwe na daktari kuwa moyo wake umeshindwa kusukuma damu sawasawa, haruhusiwi hata kujichotea maji ya kunywa. Watoto wanampenda. "Baba, pumzika," ndiyo kauli ya asubuhi na jioni. Tulipokwenda kumjulia hali tulimkuta mapaja yamekwisha, na ngazi za nyumbani kwake zinamtoa pumzi.

Hatuwalaumu watoto. Kwa miaka mingi madaktari wenyewe waliwaamuru wagonjwa wa aina hii walale. Hoja ilikuwa rahisi: moyo umechoka, usiubebeshe mzigo.

Utafiti umeipindua hoja hiyo. Mwaka 2000 madaktari wa Leipzig, Ujerumani, walitoa matokeo ya wagonjwa 73, wote wanaume. Baadhi yao walipangiwa kukanyaga baiskeli ya mazoezi nyumbani kila siku kwa miezi 6. Kabla ya hapo, chemba ya kushoto ya mioyo yao ilikuwa ikitoa kiasi cha asilimia 30 ya damu iliyomo kwa kila pigo. Baada ya hapo ikatoa asilimia 35. Moyo mzima hutoa zaidi ya nusu.

Siri ni nini? Sehemu kubwa iko nje ya moyo. Mishipa ya damu hulegea na kutanuka, hivyo moyo hausukumi tena dhidi ya ukuta. Misuli ya miguu nayo huzoea kutumia vizuri hewa ya oksijeni inayoletewa. Asiyetembea hupoteza yote mawili, ndipo ngazi zinapogeuka mlima.

Tusitie chumvi lakini. Utafiti mkubwa uliotolewa mwaka 2009, wa wagonjwa 2,331 katika Marekani, Kanada na Ufaransa, ulionyesha kuwa mazoezi ni salama na mgonjwa hujisikia nafuu, ila faida katika vifo na kulazwa hospitali ilikuwa ndogo. Wengi walishindwa kutimiza dakika walizopangiwa. Na mazoezi hayachukui nafasi ya vidonge.

Wala hatumwambii mtu ainuke leo akimbie. Kwanza apimwe, kisha aanze kidogo kidogo. Ambaye miguu imevimba, uzito umepanda ghafla kwa siku mbili tatu, au anakosa pumzi akilala, asifanye mazoezi. Amwone daktari haraka. Maumivu ya kifua hayangojwi.

Kwa wasomaji wetu wa Uingereza, muulizeni daktari kuhusu mafunzo ya mazoezi kwa wagonjwa wa moyo. Hospitali za serikali kwa kawaida haziwatozi kitu wakazi wa nchi hii, na asiyejua Kiingereza ana haki ya kuomba mkalimani. Wazee wetu wengi hukosa huduma hii kwa kutouliza tu.

Mzee wetu ameshapelekwa. Juzi alikwenda jikoni akajichotea maji mwenyewe. Binti yake alitaka kuinuka, akajizuia, akabaki amekaa.