Injini ya Petroli ya Trekta Kuukuu: Maradhi Yake na Dawa Zake

Mkulima mwenye ekari chache akijaliwa mavuno mema, huanza kuwaza habari ya trekta. Trekta jipya bei yake haishikiki. Lakini trekta kuukuu, watu wawili au watatu wakichanga fedha zao, huenda wakalipata. Hapo ndipo swali huzuka: Je, injini iliyokwisha kufanya kazi miaka sabini yaaminika? Au mtu atakuwa amenunua mzigo wa chuma wa kuoteshea majani uani kwake?

Swali hili si dogo, maana mvua haimngoji fundi. Injini ikigoma juma la kwanza la mvua, hasara yake si bei ya kifaa kilichovunjika tu, bali ni mazao ya mwaka mzima. Basi katika kurasa hizi tutaeleza injini moja iliyo mashuhuri, yaani ile ya petroli yenye silinda nne katika trekta la Ferguson TE20, ambalo wengi hulijua kwa rangi yake ya kijivu. Jibu letu kwa ufupi ni hili: injini hii yaaminika, nayo haifi kwa uzee. Hufa kwa vumbi, kwa maji, na kwa oili iliyosahauliwa.

HABARI ZA INJINI YENYEWE

Matrekta ya TE20 yaliundwa mjini Coventry, Uingereza, toka mwaka 1946 mpaka 1956, na kampuni ya Standard kwa mapatano na Harry Ferguson. Yalitoka zaidi ya 500,000. Yale ya kwanza yalitiwa injini ya Continental kutoka Marekani, kwa kuwa injini ya Standard ilikuwa haijawa tayari. Mwaka 1947 injini ya Standard ikaanza kutumika. Mwanzo upana wa silinda zake ulikuwa milimita 80. Mwaka 1951 ukaongezwa kuwa milimita 85. Angalia sana jambo hili unaponunua pistoni, maana za injini moja haziingii katika nyingine.

Nguvu ya injini hii ilijaribiwa mahali pagumu. Tarehe 4 Januari 1958 Edmund Hillary na wenziwe walifika Ncha ya Kusini ya dunia, penye barafu tupu, wakiendesha matrekta matatu ya Ferguson. Lakini usisahau kwamba miongoni mwa watu wale walikuwamo mafundi wa mashine. Injini njema na mtunzaji mwema huenda pamoja.

KABLA HUJATOA FEDHA YAKO

Nenda ukalitazame trekta asubuhi, na umwambie mwenye mali mapema asiliwashe kabla hujafika. Injini iliyopashwa moto huficha maradhi yake. Kisha fanya haya:

1. Chomoa kijiti cha kupimia oili. Oili nyeusi si ajabu. Lakini ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia ndani.

2. Legeza kidogo tu skrubu ya kumwagia oili iliyo chini ya injini. Maji ni mazito kuliko oili, hivyo usiku hukaa chini. Yakitangulia kutoka matone ya maji, usiiwashe injini hiyo.

3. Izungushe injini kwa hendeli, polepole. Katika mizunguko miwili ya hendeli utasikia ugumu mara nne, mara moja kwa kila silinda. Ugumu huo ukipungua mahali pamoja, silinda hiyo haishiki pumzi yake. Toa plagi yake, tia kijiko kimoja cha oili, urudishe plagi, uzungushe tena. Ugumu ukirudi, ringi za pistoni au silinda zimelika. Usiporudi, yaelekea ni valvu, au gasketi ya kichwa cha injini.

4. Sasa iwashe, utazame moshi. Moshi wa buluu ni oili inayoungua. Moshi mweusi ni petroli nyingi kupita hewa. Moshi mweupe usiokoma hata injini ikiwa moto ni maji.

Dosari hizi si sababu ya kuondoka kila mara. Silinda za injini ya Standard ni mirija inayotolewa na kutiwa mingine, ambayo mafundi huiita silivu. Kwa hiyo injini iliyolika yaweza kufanywa upya bila kutupa bloki. Lakini ni haki bei ipunguzwe kadiri ya kazi iliyopo.

MAJI

Silivu hizo huzungukwa na maji pande zote, nazo chini hukalia gasketi nyembamba zenye umbo la tarakimu 8. Gasketi hizi ndizo mahali pake padhaifu. Zikiharibika, maji hudondoka katika oili. Na oili yenye maji haiwezi kulinda beringi. Ukiona rejeta yapungua maji kila siku wala huoni linapovuja, pima oili yako upesi.

Tia maji safi ya mvua, si ya chumvi. Safisha matundu ya rejeta, maana mbegu za majani huyaziba, na injini huchemka bila ya kuwa na ugonjwa mwingine. Tazama pia ukanda wa feni usilegee. Injini ikichemka, usifungue kifuniko cha rejeta upesi, wala usimimine maji baridi ndani yake: mvuke utakuunguza wewe, na chuma chenye moto kitapasuka. Ngoja ipoe.

HEWA

Katika nchi kavu hakuna adui mkubwa kuliko vumbi. Hewa iendayo katika injini hupita kwanza katika chujio lenye bakuli la oili, na vumbi hunaswa humo. Wakati wa kulima udongo mkavu, fungua bakuli hilo kila siku. Ukikuta tope chini yake, mwaga, safisha, utie oili mpya mpaka penye alama, usizidishe.

Kisha papasa mpira uunganishao chujio na kabureta. Ukiwa na ufa mdogo tu, hewa itapita hapo bila kuchujwa. Vumbi likichanganyika na oili huwa kama msasa, na msimu mmoja watosha kula ringi na silinda ambazo zingedumu miaka mingi. Mpira ni wa fedha kidogo. Silinda ni za fedha nyingi.

PETROLI

Injini hii iliundwa kwa petroli hafifu ya siku zile, kwa hiyo petroli ya kawaida ya leo yaitosha. Zamani petroli ilitiwa risasi, na risasi hiyo ilisaidia kukinga viti vya valvu za kutolea moshi. Katika nchi zetu desturi hiyo ilikoma kufikia mwaka 2006. Basi mwambie fundi akupimie nafasi za valvu mara kwa mara. Nafasi ikizidi kupungua, kiti chalika.

Petroli ya trekta hili hushuka yenyewe kutoka tangini, haina pampu. Injini ikiwaka vizuri, ikaenda kitambo, ikazima, na baada ya kupumzika ikawaka tena, usikimbilie kufungua kabureta. Legeza kwanza kifuniko cha tangi. Kitundu chake cha kupitishia hewa kikizibwa na matope, petroli haiwezi kushuka. Pengine watu hulipa fundi kwa ugonjwa ambao dawa yake ni mwiba wa kuzibulia. Kama sicho, funga bomba la petroli, toa kikombe cha kioo kilicho chini yake, ukioshe pamoja na chujio lake. Usifanye hivyo penye sigara wala taa ya moto.

CHECHE

Petroli ikiwa inafika, tazama umeme. Plagi zilizolowa au zenye masizi zisafishwe na kukaushwa. Fungua kifuniko cha distribyuta: unyevu wa usiku au ufa mwembamba wapotosha cheche. Pointi zikiwa zimeungua, zisafishwe na nafasi yake ipimwe kama kitabu cha injini kisemavyo. Ukichomoa nyaya, zirudishe kwa taratibu ya kuwaka, nayo ni 1, 3, 4, 2, ukihesabu silinda ya kwanza kuwa ile iliyo karibu na rejeta. Matrekta ya mwanzo hutumia betri ya volti 6, na ya baadaye volti 12, usichanganye.

Betri ikiwa dhaifu, hendeli ipo. Hakikisha gia haijashika na breki imefungwa. Weka kidole gumba upande mmoja na vidole vingine, wala usikizungushie hendeli, na uvute kwa kupandisha juu. Injini ikirudi nyuma ghafula, mkono ulioshika vibaya huvunjika.

OILI, NA MWISHO WA MSIMU

Pima oili kila asubuhi trekta likiwa mahali pa sawa, na uimwage na kutia mpya kwa saa zilizoandikwa kitabuni, pamoja na kushughulikia chujio lake. Tazama saa ya nguvu ya oili unapofanya kazi. Mshale ukianguka, zima injini papo hapo. Usijisemeze kwamba utamaliza tuta lile moja.

Kazi ya msimu ikiisha, funga bomba la petroli, uache injini iwake mpaka imalize iliyomo katika kabureta. Petroli iliyolala miezi hugeuka gundi na kuziba vitundu vyake. Liweke trekta chini ya paa, ufunike bomba la moshi. Na matengenezo yote yafanywe katika kiangazi, wakati fundi ana nafasi nawe una subira, si siku mawingu yanapokusanyika.

Basi mkulima, injini hii haidai elimu kubwa. Yadai robo saa yako kila asubuhi: maji, hewa, petroli, oili. Asiyeweza kuitoa robo saa hiyo, afadhali ashike jembe lake, au akodishe trekta la mwenziwe. Bali aitoaye daima, siku mvua ya kwanza itakaponyesha, atasikia silinda zote nne zikiitika pamoja, naye ataingia shambani kwa wakati wake.