Wimbo Unaokuliza, Mwenyewe Yuko Jikoni

Ilikuwa Jumapili mchana. Mtoto kalala, mimi na mume wangu tumejikalia sebuleni na chai yetu, redio inaongea yenyewe. Mara ukapigwa Fast Car wa Tracy Chapman. Sijui wewe, lakini mimi wimbo ule haujawahi kunipita hivi hivi tangu nilipokuwa chuo. Mume wangu akaongeza sauti. Tukanyamaza wote wawili, macho yakalowa kidogo, kila mtu akikumbuka siku aliyobeba begi lake kutoka kwao.

Wimbo ulipokwisha, nikasikia mwingine. Huu ulitoka jikoni, kwa sauti ya chini, katikati ya mlio wa sufuria. Dada alikuwa anaosha vyombo huku anaimba Kinyiramba.

Nikasimama mlangoni nikamuuliza ni wimbo gani. Akashtuka, akadhani amenikera. "Samahani anti, nilijua mmelala." Nikamwambia hapana, nimeupenda. Ndipo akaniambia kwamba ni wimbo wa kwaya yao kanisani, kule Ulemo. Huimbwa mwanakwaya anapoondoka kijijini. Mara ya mwisho kuusikia ukiimbwa na watu wengi, aliyekuwa anaagwa ni yeye.

"Huwa unauimba mara nyingi?"

"Kila siku, anti."

Mpenzi msomaji, wimbo ule ulikuwa umekaa nyumbani kwangu miaka miwili na miezi miwili, na mimi sijawahi kuusikia. Na kwa muda wote huo Dada hakuwa amekwenda kwao hata siku moja. Alipoomba mara ya kwanza tulimwambia asubiri Pasaka ipite. Pasaka ikapita, tukamwambia asubiri mtoto aache kunyonya. Mtoto akaacha, tukawa na semina, mara harusi ya shemeji. Yeye akaacha kuomba. Sisi tukajua ameridhika.

Basi moja, milango miwili

Kama hujawahi kufika, Ulemo iko wilaya ya Iramba, mkoani Singida. Nchi ya alizeti, upepo na kuku wa kienyeji. Kijana wa huko akitaka kwenda mjini anasogea Misigiri, kwenye njia panda ya Kiomboi, ambako mabasi ya kutoka Mwanza hupita yakielekea Dar es Salaam. Hapo mbele yake kuna Singida mjini, Manyoni, Dodoma na Morogoro, zaidi ya kilomita 700. Zamani safari ilikuwa inaishia Ubungo. Tangu 2021 inaishia Mbezi, Stendi ya Magufuli.

Kuondoka si jambo jipya huko. Enzi za ukoloni vijana wa Singida walikwenda mpaka mashamba ya mkonge ya Tanga, wakaitwa manamba kwa sababu ya namba walizopewa. Siku hizi aliyefaulu anaondoka kwenda chuo, mwenye nguvu anakwenda kutafuta maisha Kariakoo, na binti ambaye shule imemshinda kwa ada au kwa matatizo ya nyumbani anatafutiwa "kazi za ndani". Ukiuliza watu wa Dar hausigeli wao katoka wapi, mara nyingi utasikia Iringa, Dodoma au Singida.

Wote hao wanapanda basi lile lile. Wote mama zao wamesimama barabarani na vumbi usoni. Tofauti inaanza wakishashuka: mmoja anaingia kwa mlango wa mbele, mwingine kwa mlango wa jikoni.

Nyimbo hizi zinasema nini hasa?

Baada ya siku ile nilianza kusikiliza upya nyimbo za kuondoka nyumbani ninazozipenda. Nikagundua kwamba karibu zote zina sauti mbili.

Ya kwanza ni ya anayeondoka. Fast Car, wa mwaka 1988, ni wa binti aliyeacha shule ili amhudumie baba yake mlevi, kisha akaondoka na mpenzi wake wakiamini mbele kuna nafuu. Wengi tunaupenda kwa lile tumaini la mwanzo. Hebu usikilize mpaka mwisho. Wamefika mjini, kazi imepatikana, bili analipa yeye, na mwanamume naye ameanza kushinda baa. Kuondoka kulibadilisha anwani, mzigo ukabaki pale pale mgongoni mwa binti.

Ya pili ni ya wanaoachwa. The Beatles walitoa She's Leaving Home mwaka 1967, baada ya Paul McCartney kusoma gazetini habari za msichana wa miaka 17 aliyetoroka kwao. Uzuri wa wimbo ule ni kwamba wazazi nao wamepewa nafasi ya kulia humo ndani. Asubuhi mama anaikuta barua, anashangaa wamekosea wapi. Hakuna mbaya na hakuna mwema, kila upande una machozi yake.

Hapa Afrika tunaye Hugh Masekela na Stimela, wa mwaka 1974, kuhusu treni iliyokuwa inawasomba vijana kutoka nchi za kusini kwenda kuchimba migodini Johannesburg. Masekela alikuwa anaijua habari ile mwilini mwake. Aliondoka Afrika Kusini mwaka 1960 na akaweza kurudi kwao mwaka 1990 tu. Ukimsikia anaigiza honi ya treni kwa mdomo, utajua kwamba kuna mtu anaulizia njia ya kwao.

Na wa kwetu? Marehemu Mbaraka Mwinshehe aliacha shule akaufuata muziki Morogoro, akawa jina kubwa Afrika Mashariki nzima, na mwaka 1979 akafariki baada ya ajali ya gari Mombasa, mbali na kwao. Katika nyimbo zake upo Jogoo la Shamba, jina lililotoka kwenye methali tunayoijua wote: jogoo wa shamba hawiki mjini.

Methali hiyo ndiyo iliyonikwamisha. Nani anaisema? Anayeondoka hawezi kujisemea hivyo, na mama yake aliyebaki kijijini hawezi kumwombea mwanawe asiwike. Anayeisema ni mwenyeji wa mjini, yaani mimi na wewe.

Sauti ya tatu

Huyu ndiye anayekosekana kwenye nyimbo nyingi: mpokeaji. Yule anayemfungulia mgeni mlango, anayemwonyesha pa kulala, anayeamua lini atapumzika na lini ataiona tena sura ya mama yake. Mwimbaji anamlilia aliyeondoka, anawalilia walioachwa, lakini mpokeaji hatajwi. Ndiyo maana ni rahisi kwetu kulia na wimbo halafu tukapita jikoni bila kugeuza shingo. Tukisikiliza, siku zote tunajiweka kwenye nafasi ya msafiri, kwa sababu kweli tuliwahi kuwa wasafiri. Tumesahau kwamba safari yetu ilikwisha na sasa sisi ndio tuliofikiwa.

Mpokeaji mzuri anaweza kumfanya mgeni awe mwenyeji. Remmy Ongala alizaliwa Kindu, mashariki mwa Kongo, mwaka 1947. Alikuja Dar es Salaam mwaka 1978 kupiga muziki na Orchestra Makassy, bendi ya mjomba wake. Huyu alishuka akamkuta ndugu. Alipofariki mwaka 2010 alikuwa Mtanzania kuliko wengi wetu, na mpaka leo ukipanda daladala za Sinza utamsikia konda anaita, "Kwa Remmy wapo?" Mtoto wa Kindu amekuwa jina la kituo.

Sasa jiulize. Huyo aliyefikia kwako, ukimwita Dada asubuhi mpaka usiku, unalijua jina la mama yake? Unajua kama baba yake yuko hai? Mimi nilikuwa sijui. Najua degree yangu ni ya mawasiliano, usinicheke.

Zungumzeni leo jioni

Usiku ule mimi na mume wangu tuligombana kidogo, tuwe wakweli. Yeye alisema, "Akienda harudi, nani atakaa na mtoto?" Nikamjibu kwamba hilo ndilo swali la mzazi yeyote anayemwachia mtoto wake aende, na mama yake Dada aliumeza akamleta kwetu. Akakaa kimya muda mrefu. Kisha akanisimulia kitu ambacho katika miaka sita ya ndoa sikuwahi kukisikia: alipofika Dar kusoma alikaa kwa jamaa wa familia, na kila akinyoosha mkono kuchukua kipande cha nyama alikuwa anaangaliwa. Kumbe Fast Car alikuwa anaulilia kwa sababu yake mwenyewe.

Kwa hiyo kama ninyi nao mna mtu nyumbani, kaeni chini mzungumze. Mambo ya kuanzia ni haya:

1. Simulianeni mlivyoondoka kwenu. Nani alikusindikiza? Nani alikupokea, na alikupokeaje? Wanandoa wengi wanajua mishahara yao kuliko wanavyojua habari hii.

2. Ijueni sheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamhusu na mfanyakazi wa ndani. Ana haki ya mapumziko ya saa 24 mfululizo kila wiki, na likizo ya siku 28 yenye malipo kila mwaka. Mtoto wa chini ya miaka 14 haajiriwi kabisa. Na kama mlimtoa mkoani, kazi ikiisha suala la usafiri wa kumrudisha mlikomtoa ni juu yenu. Hizi ni haki zake, msizifanye zawadi.

3. Wekeni tarehe. "Tutaona baadaye" si tarehe. Andikeni kwenye kalenda ya ukutani, pale ambapo na yeye ataiona.

4. Mpeni simu aongee na kwao bila ninyi kusimama hapo. Kuna mambo mtu hamwambii mama yake mbele ya bosi.

5. Muulizeni anataka kuwa nani. Halafu nyamazeni msikilize.

Nani kaachwa sasa?

Dada aliondoka Jumamosi, alfajiri. Mume wangu alibeba begi, mimi nilibeba mfuko wa vitenge viwili alivyomnunulia mama yake kwa pesa yake. Stendi ya Mbezi ilikuwa imejaa kama kawaida. Alipopanda ngazi za basi aligeuka akasema, "Anti, dawa ya mtoto nimeiweka juu ya friji." Mtu anakwenda kwao baada ya miaka miwili, na anawaza dawa ya mtoto wangu.

Siku 28 zilipokwisha alipiga simu. Alikuwa Kiomboi, ameanza kujifunza cherehani kwa fundi, na mama yake amesema asirudi kwanza. Alikuwa anaogopa nitakasirika. Sitakudanganya, niliumia. Kisha nikamwambia mwezi wake wa likizo namtumia, na pesa kidogo ya kuanzia.

Mwanangu ana miaka miwili na nusu, hajui Ulemo iko wapi. Wiki nzima alikuwa akiamka anakwenda moja kwa moja jikoni, anasimama mlangoni, anauliza, "Dada wapi?" Jumapili iliyofuata nilimkuta kakaa sakafuni na sufuria yake ya kuchezea, anaimba. Maneno hakuwa nayo, na Kinyiramba hajui. Lakini wimbo niliujua.

Nilikaa naye chini pale pale, tukaimba wote.