MAKAA YAKAMATAYO DHAHABU

Watu wengi walioona dhahabu ikichimbwa Kakamega, Migori au Geita hudhani ya kuwa kazi imekwisha mawe yakisha kusagwa na dhahabu kukusanywa kwa zebaki. Sivyo. Zebaki hukamata punje zilizo kubwa kidogo. Zile ndogo kama vumbi hubaki katika mchanga uliokwisha oshwa, ambao wachimbaji wa Tanzania huuita marudio. Mara nyingi dhahabu iliyobaki humo huwa nyingi kuliko iliyotolewa. Basi mchimbaji auzaye marudio yake kwa bei ndogo huenda anauza mali kubwa kuliko ile aliyoitia mfukoni.

Njia ya kuipata dhahabu hiyo ilianza katika mwaka wa 1887, wakati John Stewart MacArthur na wenziwe wa Glasgow walipovumbua ya kuwa maji yenye sianidi kidogo, yakipata hewa, huyeyusha dhahabu kama maji ya kawaida yayeyushavyo chumvi. Lakini katika tani nzima ya maji hayo huenda zikawamo gramu mbili tatu tu. Zitatolewaje? Hapo zamani maji yalichujwa mpaka yakawa safi kabisa, kisha yakatiwa vumbi la zinki, na dhahabu ikajitenga. Kuchuja tope zito ni kazi ngumu na ya gharama.

Ndipo makaa yalipopata kazi. Makaa yafaayo hasa ni yale ya vifuu vya nazi, kwa sababu ni magumu, hayavunjiki upesi. Hupitishiwa mvuke wenye joto kali sana katika tanuri, yakapata matundu madogo yasiyohesabika. Kuta za matundu yaliyo katika gramu moja tu, kama zingetandazwa, zingeenea meta za mraba 1,000 au zaidi. Hivyo gramu saba zingetosha kufunika uwanja wa mpira. Dhahabu iliyoyeyuka hunata juu ya kuta hizo, na kidogo kidogo tani moja ya makaa huweza kukusanya gramu elfu kadhaa.

Katika kiwanda, tope hupita tangi baada ya tangi, na makaa huenda kinyume chake. Makaa mapya hutiwa katika tangi la mwisho, ambamo dhahabu imebaki haba, kisha hupandishwa hata la kwanza, ambamo dhahabu ni nyingi. Chembe za makaa ni kubwa kuliko za tope, kwa hiyo chekecheke huyazuia na tope likapita. Hakuna haja tena ya kuchuja.

Nguvu hii ya makaa ilijulikana tangu karne ya 19, lakini ilibidi kuyachoma ili kuipata dhahabu. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, J. B. Zadra na wenziwe wa idara ya madini ya Marekani walionyesha njia ya kuyaosha kwa maji ya moto yenye kostiki soda na sianidi. Dhahabu huachilia makaa, umeme huipeleka kwenye nyuzi za chuma, kisha huyeyushwa kuwa kipande. Makaa hutiwa tena katika tanuri, yakarudi kazini. Katika mwaka wa 1973 mgodi wa Homestake, huko South Dakota, uliianza njia hii kwa kazi kubwa, na baadaye ikaenea ulimwenguni.

Hata hivyo sianidi ni sumu iuayo upesi. Maji yake hayana budi kutiwa chokaa daima, kwani yakichanganyika na asidi hutoa hewa ya kufisha. Mabwawa yake yazungushiwe ua ili ng'ombe wasinywe, wala yasivujie mtoni. Na mchanga uliobaki na zebaki usitiwe sianidi, kwani sianidi huyeyusha zebaki pia, ikaweza kufika katika maji na samaki.

Mwenye marudio na asifanye haraka kuyauza. Kwanza achote kidogo kidogo kutoka pande zote za lundo, juu na chini, achanganye vizuri, apeleke maabara kupimwa. Akisha kujua kila tani ina gramu ngapi, atazungumza bei na mnunuzi kama mtu ajuaye mali yake.