Kuihuisha Kompyuta Kuukuu

Tarehe 14 Oktoba 2025, siku ambayo Watanzania humkumbuka Mwalimu Nyerere, na ambayo mkoani Mtwara huangukia majira ya korosho, makatibu wa vyama vya msingi wakiwa wameinamia hesabu za kilo na malipo ya wakulima, kampuni ya Microsoft ilikoma kuupa mfumo endeshi wake wa Windows 10 matengenezo ya kawaida ya usalama. Mfumo ulioufuatia, yaani Windows 11, una masharti mazito, mojawapo likiwa kijenzi cha usalama kiitwacho TPM 2.0, na kwa ajili hiyo kompyuta mpakato zilizoundwa kabla ya mwaka 2017 aghalabu zimefungiwa mlango, ilhali nyingi katika hizo ndizo zitumiwazo na walimu, makarani na wanafunzi kutoka Mikindani hadi Msimbati. Mimi sikubali kwamba vyombo hivyo vimekufa. Maadamu kioo chaonyesha na baobonye yaitika, kompyuta ya namna hiyo yastahili kusimikwa mfumo upya na kurudishwa kazini.

Mfumo endeshi ndio programu kuu inayosimama kati ya mtu na chombo chake: hupokea herufi zinazobonyezwa, hugawa kumbukumbu baina ya programu, na huamua kila faili likae wapi katika diski. Kwa kupita miaka hulemewa na programu zinazojiamsha zenyewe, na virusi vinavyosafiri katika flashi kutoka stesheneri moja hadi nyingine, hata kufungua waraka mmoja kukawa kazi ya kungoja. Hapo ndipo fundi husema mashine ipigwe windo, yaani diski ifutwe na mfumo usimikwe upya.

Lakini kabla ya kupigwa windo sharti aulizwe mwenye mali ameweka nini humo, na swali hili, ambalo kwa maoni yangu ndilo lenye uzito kuliko yote, mara nyingi halipewi nafasi. Hapana nahodha wa pwani hii anayekipandisha chombo mchangani ili kikalafatiwe ilhali shehena ingalimo. Watu wengi huhifadhi nyaraka zao pale penye uso wa kompyuta, wasijue kwamba mahali hapo pamo ndani ya diski C, ambayo ndiyo ifutwayo. Na hivyo mitihani ya muhula mzima, daftari la chama na picha za mzazi aliyekwisha kufariki huondoka kwa dakika chache. Vitu hivyo vinakiliwe kwanza katika diski ya nje, kisha baadhi yake vifunguliwe kutoka katika nakala ili kupata ithibati kwamba vimefika salama. Ikiwa maafa yamekwisha kutokea, mtu asiendelee kuitumia mashine, kwani katika diski za kuzunguka ufutaji wa haraka huondoa orodha tu ya mafaili, na yaliyomo huweza kuokolewa kabla hayajaandikiwa mengine juu yake.

Umeme nao una hukumu yake. Betri ya kompyuta kuukuu aghalabu haishiki chaji, na umeme ukikatika wakati mfumo unaandikwa, huenda mfumo usiwake mpaka kazi ianzwe upya.

Juu ya mfumo wa kuchagua, natahadharisha dhidi ya vile vifunguzi vya bure vinavyodai kuihalalisha Windows isiyolipiwa, maana humo ndimo wezi wa nywila hupenda kujificha. Iko njia ya halali isiyo na gharama: Linux, ambayo kiini chake kiliasisiwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, mwanafunzi wa Helsinki. Toleo lake la Linux Mint huridhika na kumbukumbu ya GB 2, ingawa GB 4 ni afadhali, na nafasi ya GB 20 katika diski. Faili lake hula bando kubwa, lakini leseni yake inaruhusu kunakiliwa, hata fundi mmoja wa Chikongola akilipakua mara moja aweza kuwapa wenzake wote. Kadhalika mfumo huo huweza kuwashwa kutoka katika flashi pasipo kuigusa diski, mtu akapima sauti, printa na mtandao kabla ya kukata shauri. Programu zake za ofisi ni za ukoo mmoja na Jambo OpenOffice, iliyotolewa kwa Kiswahili mwaka 2004 kwa juhudi za Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Hufungua nyaraka za Word, ila mpangilio wa majedwali huweza kusogea, na karani sharti ajaribu fomu zake mapema.

Mfumo mpya hauondoi kutu iliyoletwa na hewa ya chumvi, wala vumbi lililoziba feni. Kama diski ni ile ya kuzunguka, kuibadilisha kwa SSD, yaani diski isiyozunguka, aghalabu huleta wepesi zaidi kuliko badiliko jingine lolote.

Kazi ikiisha, itazamwe tarehe. Katika kompyuta nyingi za zamani mna betri ndogo ya duara inayoilinda saa. Ikifa, saa hurudi miaka ya nyuma, na tovuti hukataa kufunguka kwa kuona vyeti vyao vya usalama havijaanza kutumika. Watu huulaumu mfumo na kurudi kwa fundi, ilhali dawa yake ni betri hiyo moja.