Mshipi wa Dharura Baharini: Namna ya Kuuchagua

Tarehe 23 Novemba, 1942, wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, meli ya mizigo ya Uingereza iitwayo Benlomond ilizamishwa na manowari ya Ujerumani katika bahari ya Atlantiki. Mhudumu mmoja wa meli hiyo, Mchina aitwaye Poon Lim, alibahatika kufikia chelezo cha mbao. Akiba ya chakula ilipopungua, alifumua kamba ya katani akapata mshipi, akapinda waya wa tochi akapata ndoana. Alikaa baharini siku 133, hata akaokolewa na wavuvi wa Brazili mwezi wa Aprili, 1943.

Siku hizi kanuni zitokanazo na Mkataba wa Kimataifa wa Usalama wa Maisha Baharini wa mwaka 1974 zataka vifaa vya uvuvi viwekwe katika mashua na vyelezo vya kuokolea maisha vya meli za safari ndefu. Mashua ndogo za uvuvi hazimo katika kanuni hizo. Hata hivyo, mvuvi wa pwani ya Tanzania au Kenya ambaye injini yake imezimika aweza kuchukuliwa mbali na mkondo uelekeao kaskazini. Huyo hana budi kujiandalia mwenyewe, na mshipi wa dharura wahitaji sifa ambazo si zote zilizo katika mshipi wa kazi ya kila siku.

Aina za nyuzi

Mishipi ya zamani ilikuwa ya pamba, katani au hariri. Nyuzi hizo za asili huliwa na bakteria, hivyo huoza zisipoanikwa. Mwaka 1935 mwanakemia Wallace Carothers na wenzake huko Marekani walitengeneza nailoni, ambayo haiozi. Uzi wa nailoni ukiwa bado mpya huvutwa hata ukawa mrefu mara kadhaa. Kwa kuvutwa huko molekuli zake ndefu hujipanga sambamba, na uzi hupata nguvu.

Baadaye ilipatikana mishipi ya aina nyingine mbili. Ya kwanza ni ile ya kusukwa kwa nyuzinyuzi za poliethilini, ambayo kwa unene ule ule ina nguvu kuipita nailoni kwa mbali. Ya pili ni ya florokaboni, ambayo hupinda nuru kwa kiasi kinachokaribia kile cha maji, kwa hiyo samaki hauoni kwa urahisi. Mtu aweza kudhani kwamba mshipi wenye nguvu zaidi ndio ufaao zaidi wakati wa dharura. Dhana hiyo yafaa ichunguzwe.

Unene na nguvu

Nguvu ya mshipi hutegemea eneo la mkato wake, wala si kipenyo peke yake. Kipenyo kikiongezwa mara mbili, eneo huongezeka mara nne. Kwa hiyo ikiwa mshipi wa milimita 0.4 wabeba kilo 10, ule wa milimita 0.8 wa aina ile ile utabeba karibu kilo 40.

Unene una faida nyingine. Katika chelezo hakuna mashine ya kuvutia. Mvuvi hutumia mikono mitupu, iliyolainishwa na maji na kuchubuliwa na chumvi. Mshipi mwembamba ukivutwa kwa kani ile ile hukandamiza ngozi katika sehemu ndogo zaidi, nao hukata mithili ya wembe. Ule wa poliethilini, kwa kuwa ni mwembamba mno, ndio wenye hatari kubwa. Kidonda cha mkono kwa mtu asiye na dawa ni msiba wa pili.

Mnyumbuko

Mtu adakaye dafu lililotupwa huirudisha mikono yake nyuma. Kwa kuongeza umbali wa kulisimamisha, hupunguza kani inayompiga. Nailoni hufanya kazi hiyo hiyo samaki anaposhtuka na kukimbia: huweza kurefuka kwa zaidi ya asilimia 20 kabla haijakatika. Mshipi wa poliethilini hurefuka kwa asilimia chache tu, kwa hiyo mshtuko wote hufika kwenye fundo, kwenye ndoana na mkononi.

Fundo, maji na jua

Mara nyingi mshipi hukatika penye fundo, kwa sababu hapo uzi hupindwa na kujibana wenyewe. Fundo likikazwa kavu, msuguano huzaa joto ambalo hudhoofisha uzi. Yafaa lilowanishwe kwanza, walau kwa mate, kisha likazwe polepole. Poliethilini ni telezi, na mafundo ya kawaida huweza kuteleza yakafunguka. Nailoni nene hufungika vyema hata kwa mikono inayotetemeka.

Nailoni nayo ina kasoro zake. Hufyonza maji, na ikilowana hupoteza kiasi cha asilimia 10 ya nguvu yake au zaidi. Adui yake mkubwa ni jua: mionzi ya urujuanimno huvunjavunja molekuli zake, hata mshipi ukapauka na kuwa mkavu. Kwa sababu hiyo mshipi wa dharura sharti uviringwe kwenye kibao kipana na kutiwa ndani ya chombo kisichopitisha nuru.

Jaribio lake ni rahisi. Kipande cha mshipi kilowekwe usiku kucha, kifungwe fundo, kisha kitumiwe kuinua ndoo yenye lita 10 za maji, ambazo uzito wake ni kilo 10. Mshipi wa milimita 0.8 ushindwao na mzigo huo umekwisha, yafaa utupwe.

Samaki na kiu

Kuna jambo moja lililo muhimu kuliko mshipi wenyewe. Nyama ya samaki ni protini, na mwili ukiitumia hutoa taka iitwayo urea, ambayo figo huitoa pamoja na maji. Mtu asiye na maji ya kunywa akila samaki huongeza kiu yake, na maji ya bahari humdhuru zaidi. Kanuni ni hii: pasipo na maji, asile. Aidha, bunju asiliwe kamwe, kwani sumu yake haiondolewi kwa kupikwa.

Kwa muhtasari, mashua iendayo mbali na pwani yafaa iwe na mita 50 za nailoni ya uzi mmoja yenye kipenyo cha milimita 0.8 hadi 1.0. Kipande cha mwisho chenye ndoana kiwe chembamba kidogo, ili samaki mkubwa akikata, akate hapo na mshipi uliobaki usalimike. Ziwepo ndoana za akiba za ukubwa mbalimbali zilizofungwa katika kitambaa, chubwi, waya kwa ajili ya samaki wenye meno kama nguru, na kisu. Mshipi usizungushwe mkononi kamwe. Pamoja na hivyo liwepo turubai safi la kukingia mvua. Poon Lim naye alikinga maji ya mvua kwa turubai, na bila ya maji hayo samaki wake wasingalimfaa kitu.