Utani na Staha Kisiwani Mafia

Utani ni haki ya kumkejeli mtu pasipo yeye kukasirika, na haki hiyo hutolewa na mila. Kisiwani Mafia, kama kwingineko katika mwambao wa Waswahili, ubaya wa neno haupimwi kwa neno lenyewe. Hutazamwa nani kalisema, kamwambia nani, na mbele ya nani. Neno moja laweza kuwachekesha watu wote barazani asubuhi, na jioni likaleta ugomvi wa kuitisha wazee.

Mafia ni wilaya ya Mkoa wa Pwani, mkabala na delta ya Rufiji. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 66,180 katika kisiwa kikubwa na visiwa vidogo vya Chole, Juani, Jibondo na vinginevyo. Wakazi wake wana asili nyingi: Wambwera, Wapokomo, Wagunya, Washarifu, Waarabu, na watu waliovuka kutoka Rufiji, Kilwa na bara. Katika visiwa kama hivi aliyemtukana mwenzake asubuhi huenda akapanda naye ngalawa moja alasiri, wakaswali safu moja magharibi, na kesho wakakutana mazikoni. Ndiyo maana kujua mipaka ya mzaha ni sehemu ya malezi, na mtoto huanza kufundishwa angali mdogo.

Utani wa kwanza anaokutana nao mtoto ni wa babu na bibi. Babu aliyekaa kwenye mkeka humwita mjukuu wake wa miaka sita "mke wangu", akamuuliza mbona chai ya mumewe imechelewa. Bibi naye humwita binti huyo "mke mwenzangu", akajidai kumwonea wivu. Mtoto hujibu kwamba hamtaki mume asiye na meno, na nyumba nzima hucheka. Mgeni asiyejua mila anaweza kushtuka, akadhani amesikia jambo la aibu. Kumbe maneno hayo yanampa mtoto mahali pa kusema kwa uhuru. Kwa baba na mama yake hutii na kunyamaza, na kwa babu hupumua.

Utani wa pili ni wa watoto wa mjomba na shangazi, pamoja na mashemeji na mawifi. Watoto wa ndugu wanaruhusiwa kuoana, na utani wao mara nyingi hugusa posa, mahari na uvivu wa kazi. Kinyume chake ni ukwe. Mtu hataniani na mama mkwe wake. Humwamkia kwa adabu, huchunga kauli, na baadhi humpisha njia.

Pat Caplan, mwanaanthropolojia wa Uingereza aliyeanza utafiti katika kijiji cha Kanga, kaskazini mwa Mafia, mwaka 1965, alionyesha kwamba watu wa huko huhesabu ukoo kwa upande wa mama na kwa upande wa baba. Kwa hesabu hiyo watu wawili wanaweza kuwa ndugu kwa njia zaidi ya moja, na uhusiano unaotawala hubadilika. Mabinamu waliotaniana tangu utotoni, watoto wao wakioana, wanakuwa wakwe. Maneno waliyozoea kurushiana hupungua, na aliyeendelea kutania kama zamani huonekana hajui alipo.

Utani wa tatu ni wa makabila, ulioenea Tanzania nzima. Reginald Moreau, mtaalamu wa ndege aliyefanya kazi Amani katika milima ya Usambara, aliandika juu yake katika miaka ya 1940. Katika miaka hiyohiyo mwanaanthropolojia Radcliffe-Brown alieleza kuwa katika uhusiano wa namna hii mmoja huruhusiwa, na wakati mwingine hutakiwa, kumfanyia mwenzake dhihaka, naye hutakiwa asichukie. Jambo la kuzingatia ni huko kutakiwa. Mtani ana wajibu, hasa msibani. Katika jamii nyingi za Pwani mtani hufika kwenye maziko akamsema marehemu kwa ubahili wake, akaigiza mwendo wake, au akazuia jambo fulani lisifanyike mpaka apewe chochote. Waliofiwa hucheka huku machozi yakiwatoka. Mtani huyohuyo husaidia kuchimba kaburi, kuteka maji na kupika. Anayetaka kucheka tu bila kushika jembe si mtani, ni mfidhuli.

Maana hiyo ndiyo iliyobebwa katika msemo wa "watani wa jadi" unaotumiwa kwa vilabu vya soka vya Simba na Yanga. Anayefasiri neno hilo kuwa maadui hukosea, kwa sababu mtani hupingana nawe kwa maneno na kukuzika kwa mikono yake.

Yapo yasiyotaniwa. La kwanza ni dini na mambo ya ibada. La pili ni ulemavu na ugonjwa, kwani wazee huonya kuwa hujafa hujaumbika. La tatu, na zito kwa historia ya Mafia, ni asili ya mtu. Katika karne ya 19 mashamba makubwa ya minazi yalilimwa na watumwa, na wenye mali wengi walikaa Chole. Utumwa ulifutwa kisheria Tanganyika mwaka 1922, lakini kumbukumbu yake haikufutika mara moja. Kumtajia mtu utumwa wa babu zake, hata kwa kucheka, ni kufukua kaburi.

Historia hiyo imo ndani ya maneno yenyewe ya adabu. Zamani mwungwana alikuwa mtu huru, asiye mtumwa. Leo mwungwana ni mtu mwenye staha, awe wa ukoo wowote, na kitendo cha kiungwana ni kusamehe, kutunza siri au kumsitiri mwenzako. Mshenzi naye alikuwa mtu wa bara asiyejua mila za mjini. Sasa ni tusi tupu. Neno la kwanza lilipanuka hata kila mtu akaweza kuingia ndani yake, la pili likaharibika kabisa. Msomaji wa maandishi ya kale asiyejua mabadiliko haya atasoma sifa mahali palipoandikwa cheo.

Staha ya Pwani ina vyombo vyake. Anayelazimika kutaja jambo la faragha hutanguliza "ashakum si matusi", ili msikilizaji ajue kuwa nia si kumkosea heshima. Mwanamke mwenye mimba husemwa ni mjamzito, aliyekwenda chooni amekwenda haja, na usiku baadhi ya watu humwita nyoka kamba. Anayehitaji chai dukani husema "naomba chai". Mgeni wa kutoka Nairobi anaposema "leta chai" anatumia Kiswahili sahihi cha kwao bila kiburi chochote, ila muuzaji wa Kilindoni, mji wa Mafia, husikia amri.

Chombo kingine ni fumbo. Mwanamke aliyekerwa na jirani hatasimama uwanjani kumtukana. Atavaa kanga yenye jina linalomhusu jirani huyo, akapita mlangoni kwake mara mbili. Aliyekusudiwa ataelewa, na mwenye kanga ataweza kukana akisema yeye kavaa nguo tu. Kwa njia hiyo malalamiko hufika na njia ya kupatana hubaki wazi.

Maneno yenye maana zaidi ya moja huongeza utamu na hatari. Kanga ni vazi, ni ndege, na ni kijiji. Bweni, kijiji cha ncha ya kaskazini, kina jina moja na mahali pa kulala wanafunzi, na jirani yake Jimbo anashiriki jina na eneo la mbunge. Mtu akisema "mke wangu katoka Kanga", au "nimelala Bweni", msikilizaji wa mbali huelewa lake. Kubwa kuliko yote ni jina la kisiwa. Historia ya Kilwa iliyoandikwa katika karne ya 16 inakitaja kisiwa hiki, ilhali neno la Sisilia linalofanana nalo, la magenge ya wahalifu, lilianza kujulikana sana Italia katika miaka ya 1860. Hata hivyo magazeti ya michezo ya Tanzania huita hila za usajili wa wachezaji "umafia", na mwenyeji akijitambulisha mjini huulizwa kama naye ni jambazi. Mzaha huo huchosha, kwa kuwa anayeutoa hana utani na anayeambiwa na hafikirii ni mara ya ngapi mwenzake anausikia.

Wageni wa hoteli za kijiji cha Utende nao hukutana na matatizo yao. Mmoja akijikwaa, mwenyeji humwambia "pole", na mgeni hushangaa kwa nini mtu asiyemsukuma anamwomba radhi. Pole haikiri kosa, inashiriki maumivu. Akirudi mwaka wa pili akaambiwa "umenenepa", huumia, hali aliyesema alimpongeza kwa afya na riziki. Mwenyeji naye hukwazwa na mgeni anayeanza kuuliza bei kabla ya salamu.

Siku hizi utani umehamia kwenye simu, na humo hupoteza nusu ya mwili wake. Barazani msemaji huonekana uso, husikika sauti, na uhusiano wake unajulikana na wote. Katika kundi la WhatsApp maneno hubaki peke yake, husomwa na wasiohusika, na huweza kusambazwa. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 imeweka adhabu kwa baadhi ya kauli za kudhalilisha, na sheria haina namna ya kumtambua binamu.

Mzaha ukivuka mpaka, mila ina njia ya kurudi. Aliyekosea hatakiwi kujitetea kuwa alikuwa akitania tu. Wahenga wamesema mzaha mzaha hutumbuka usaha, na utetezi huo huongeza jeraha. Husema "niwie radhi, nimeghafilika". Jambo likiwa zito, humtuma mzee au ndugu anayeheshimiwa na pande zote mbili, ambaye husikiliza barazani bila kelele. Aliyekosewa naye hutarajiwa kutoa radhi hiyo kwa sauti, mbele ya walioshuhudia kosa, ili neno lililotoka hadharani limalizikie hadharani. Baada ya hapo kulirudia neno hilo, hata na mtani mwenyewe, ni kosa jipya.