Mate, Urwagwa na Mrija Mmoja

Tangu Kiswahili kiwe lugha rasmi ya Rwanda mwaka 2017, wanafunzi wetu wamekuwa wakifasiri maneno mengi ya nyumbani. Kwa mwanafunzi anayetoka Nyakarenzo, wilayani Rusizi, neno umuheha halina shida: ni mrija. Lakini je, tafsiri hiyo yatosha? Hebu tulinganishe na desturi ya mbali.

Huko Ajentina, Uruguai, Paragwai na kusini mwa Brazili hunywewa mate, chai ya majani ya mti uitwao Ilex paraguariensis, iliyoanza kwa Waguarani. Jina lenyewe latokana na neno la Kikechua lenye maana ya kibuyu. Majani hutiwa kibuyuni, humwagiwa maji ya moto yasiyochemka, na hunyonywa kwa mrija wa chuma uitwao bombilla. Mtu mmoja ndiye mtiaji. Hunywa kwanza yeye, kwa kuwa maji ya mwanzo ni machungu mno, kisha humpa kila mmoja kwa zamu kibuyu kilekile na mrija uleule. Mgeni akisema "gracias", yaani asante, amekwisha kutoka katika zamu: maana yake ametosheka.

Nasi tunayo urwagwa, pombe ya ndizi. Hutiwa katika kibuyu kiitwacho igicuma na kunyonywa kwa umuheha. Mwenyeji huonja kwanza, tendo liitwalo gusogongera, kuonyesha kwamba hamna sumu. Zamani, kuukataa mrija kulikuwa sawa na kumshuku mwenye nyumba.

Hapo ndipo tafsiri inapopungua. "Mrija" hutaja chombo tu, hali umuheha hubeba imani baina ya watu. Vivyo hivyo, anayejua kwamba gracias ni asante, lakini hajui desturi, atashukuru kwa adabu na kubaki na kiu.

Janga la UVIKO-19 lilipozuka mwaka 2020, watu wa pande zote mbili waliambiwa wasichangie mrija. Ikiwa kila mtu atabaki na wake, vijana watalirithi neno bila tendo lake.

Kwa hiyo twawashauri walimu: mwanafunzi akileta neno kama hili, msimwulize maana yake tu. Mwulizeni pia nani huanza kunywa, nani hufuata, na mtu hukataaje bila kumvunjia mwenyeji heshima. Majibu hayo yaandikwe kando ya tafsiri.